Samaki Walioungwa Wakiwa Hai

Kuna watu wakikuona wanakuuliza habari za nyumbani, na kuna watu wakikuona wanakutazama tumbo. Bi Mwiko alikuwa wa kundi la pili. Hakumsalimia mtu bila kumpima kwa macho toka shingoni hadi kwenye mkanda, na jibu lake lilikuwa moja kwa wote: umekonda. Alimwambia hivyo hata fundi magari wa mtaani kwao, ambaye milango mingi ilimbidi aiingie kwa ubavu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu akiwa msichana mpaka mvi zikamjaa kichwani, na katika miaka yote hiyo alijivunia jambo moja tu, kwamba hakuna mtoto aliyelala njaa chini ya mwiko wake. Walimu wakuu walikuja wakaondoka, kuni zikaenda ikaja gesi, neno hilo halikubadilika. Alilisema kwenye harusi na alilisema kwenye misiba, na mara moja alilisema benki bila kuulizwa.

Kisha shule ikaleta kampuni ya chakula, watu wenye glavu na kofia za nailoni, yeye akapewa saa ya ukutani na kuambiwa akapumzike. Kupumzika kwenyewe kulikuwa kwenye kibaraza cha mwanawe. Mkamwana wake alikuwa na heshima zake zote, lakini jiko lake hakuligawa na mtu. Bi Mwiko akiingia kuonja mchuzi tu, mkamwana aliuchukua ule mwiko mkononi mwake taratibu, akamwambia, mama, wewe umeshafanya kazi sana, kakae. Akawa anakaa. Mtu aliyelisha bweni zima sasa analetewa chai, na ikipoa analetewa nyingine. Haukupita muda akaanza kuugua magonjwa yasiyo na jina.

Aliyemwokoa ni mtoto wa marehemu dada yake, ambaye alimlea mwenyewe tangu akiwa mdogo, mama yake alipofariki. Siku hizi kijana huyo alikuwa baba mwenye kipara, meneja wa shamba la samaki nje kidogo ya mji, na kila mtu alimwita Meneja, mkewe akiwemo. Alipofika kibarazani alimkuta mama yake mdogo akibishana na paka. Akamwambia anatafuta mtu wa kulisha samaki. Bi Mwiko hakuuliza mshahara. Aliuliza samaki wenyewe wana hali gani, na kabla hajajibiwa akawa ameshainuka kutafuta viatu.

Shamba lilikuwa na mabwawa ya perege yaliyopangwa mstari mmoja, stoo ya chakula, kibanda cha chai kando ya bwawa la tatu, na chumba chenye meza ya bati ambacho kiliitwa maabara ili wageni wakiheshimu. Kazi ilikuwa nyepesi. Asubuhi na jioni unachota punje kwenye gunia, unapima kwa kopo, unamwaga bwawani kidogo kidogo, unaangalia wanavyokula. Mtu yeyote mwenye mkono mmoja na akili nusu angeiweza.

Lakini Bi Mwiko alikuwa mpishi, na mpishi hampi mtu kitu ambacho hajakionja. Siku ya kwanza kabisa alitia punje mbili mdomoni, akatafuna, akatema, akasukutua, kisha akatafuna nyingine kuhakikisha. Hazikuwa na chumvi. Hazikuwa na mafuta. Akamwendea Meneja kumuuliza hawa samaki wamekosa nini hata wafungwe kifungo cha namna hii. Meneja akacheka, akamweleza kwamba zile punje ni soya, pumba na dagaa waliosagwa, zimepimwa na wataalamu, na sheria ya shamba ni moja: bwawani hakiingii kitu kingine. Bi Mwiko akaitikia kwa kichwa. Kichwa kiliitikia kweli. Mkono haukuwa kwenye mazungumzo.

Asubuhi iliyofuata, kabla wenzake hawajafika, aliwasha jiko la kibanda cha chai, akamimina mafuta kwenye sufuria, akakatakata kitunguu. Kilipogeuka rangi akatia makombo ya mkate na wali uliobaki jana, akanyunyiza chumvi kwa vidole vitatu, akageuza mpaka mvuke ukamtosheleza pua. Akaonja. Akaongeza mafuta. Chakula kilipopoa akakipeleka bwawa la tatu, kwa sababu ndilo lilikuwa karibu, na miguu yake haikuwa ya kwenda mbali na ndoo.

Mpaka hapo tusimlaumu sana, maana wale samaki nao walimponza. Walikula mpaka maji yakachemka. Baada ya siku chache walishaijua miguu yake. Akitembea ukingoni wanamfuata sambamba, midomo juu ya maji, inafunguka na kufungika. Watu wa mabwawa mengine walipita hapo bila kutazamwa. Bi Mwiko akaanza kuwaita wanafunzi wangu. Mmoja mkubwa, aliyekuwa akiwasukuma wenzake, akampa cheo cha kiranja, na mwingine mwembamba asiyefika mbele akawa anamrushia fungu lake pembeni, huku akimwambia asiogope, ale, atapata nguvu. Nyumbani mkamwana alianza kulalamika kwamba kuna panya wanaokula vitunguu. Akatega mtego. Bi Mwiko akauruka mtego ule kila alfajiri bila kinyongo, na ugonjwa wake usio na jina ukapona.

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Bwawa la tatu likalewa. Samaki walinenepa, wakapendeza, Meneja akawa anawaonyesha wageni. Halafu taratibu wakaanza kuzubaa. Matumbo yakavimba, magamba yakafifia, nyuma yao wakawa wanaburuta kinyesi cheupe kirefu kama uzi. Siku moja akaelea mmoja, ubavu juu. Kesho yake wakaelea wengine, na kiranja alikuwa amejibanza kona moja, hamsukumi mtu.

Sasa sikiliza alichofanya mama wa watu. Mgonjwa anafanywaje? Analishwa. Bi Mwiko hakuwahi kusikia ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza si sahani, basi akazidisha. Alichemsha wali ukalainika ili wasipate shida ya kumeza, akaongeza mafuta ili upite vizuri, na kitunguu akakikata kidogo zaidi, kwa sababu ya wagonjwa. Kadiri walivyodhoofu ndivyo alivyowahi asubuhi. Alilia kidogo juu ya sufuria, akakisingizia kitunguu.

Mwenye shamba akatuma neno. Ugonjwa usipojulikana chanzo chake, bwawa likaushwe, na anayelisha aondoke, atafutwe mwingine. Meneja alimletea mama yake mdogo habari hizo akiwa anaangalia viatu vyake, akasema anajua si kosa lake, ila amri si yake. Bi Mwiko akaona kibaraza. Akaona kikombe cha chai kinakuja, kinapoa, kinaondolewa. Akamwomba Meneja amlete daktari, yeyote, hata wa ng'ombe.

Daktari aliyekuja alikuwa wa samaki hasa, binti mdogo wa umbo, mabuti yake ya mpira yamemfika magotini na yakipiga kelele kila hatua. Alimwamkia Bi Mwiko kwa adabu, akaambiwa marahaba, umekonda. Akapima maji ya bwawa, akasema si mabaya sana. Akachukua punje, akazinusa, akazivunja, akasema nazo ni nzima. Meneja, ambaye siku zote alitafuta mchawi mbali, akamshika mlinzi wa getini, ambaye wote walimwita Mlinzi tu. Mlinzi alikuwa na tabia ya kula chakula chake cha mchana ukingoni mwa bwawa la tatu, na kuna mtu alimwona akikung'uta mfuko wake majini. Mlinzi akaapa ni makombo ya biskuti, tena mara moja. Meneja akamwambia akusanye vitu vyake asubiri. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anapenda kukagua nguo zake?

Wakaingia wote kwenye kile chumba chenye meza ya bati. Daktari akamlaza samaki mmoja aliyekufa asubuhi ile, akampasua toka chini mpaka kwenye koo, na chumba kizima kikanukia jikoni.

Ilikuwa harufu nzuri, hapo ndipo palipokuwa na tabu. Mlinzi, pamoja na msiba wake wote, alimeza mate. Daktari akainama, akanusa tena, akaona haya kidogo, kama mtu anayetilia shaka elimu yake mwenyewe.

"Huyu samaki ameshaungwa," akasema.

Kwa ncha ya kisu akaufungua utumbo. Ulikuwa umevimba, ukuta wake mwembamba kama karatasi iliyolowa, na ndani yake kulikuwa na kitunguu, kimekatwa vipande vidogo vilivyolingana, kazi ya mtu aliyekata vitunguu maisha yake yote. Ini lilikuwa la njano, linateleza kwa mafuta. Meneja akakiangalia kile kitunguu. Akakiangalia kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili, maana alikula vitunguu vilivyokatwa hivyo utoto wake wote. Kisha akageuza uso polepole.

Bi Mwiko alishasogea mlangoni. Angeweza kutoka. Mlinzi alikuwa amesimama pale, mfuko wake uko tayari, na mtu mwenye mfuko tayari ni rahisi kumwachia lawama. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na isitoshe Mlinzi naye alikuwa amekonda kweli.

"Ni mimi," akasema. "Wali, mkate, mafuta na kitunguu. Na chumvi kidogo, ya kuleta ladha tu."

Meneja akakaa chini. Hapakuwa na kiti, akakaa juu ya ndoo. Mlinzi akaanza kutoa vitu vyake mfukoni kimoja kimoja na kuvirudisha rafuni, kwa fahari.

Daktari hakufoka, na hilo lilimuumiza Bi Mwiko kuliko kufokewa. Alimvuta karibu na meza, akamwonyesha, akamweleza taratibu. Ndani ya utumbo wa samaki, alisema, kuna bakteria wengi ajabu, wadogo hawaonekani kwa macho. Wengi wao ni wema. Wanamsaidia samaki kumeng'enya chakula, wanaulinda ukuta wa utumbo, wanawafukuza wale wakorofi wanaoleta magonjwa. Ila nao wanakula kile anachokula samaki. Akila chakula chake wanapata haki yao. Akijazwa mafuta na wanga kila siku, wema wanakosa riziki wanapungua, wakorofi wanakuta karamu wanazaana, ukuta wa utumbo unavimba na kutoboka, na samaki anakufa ameshiba.

Bi Mwiko alisikiliza, kinywa wazi. Aliinama juu ya ule utumbo, akautazama kana kwamba kuna mtu humo atamwitikia.

"Kwa hiyo humu ndani kuna bweni," akasema.

Daktari akafikiri, akasema ndiyo, unaweza kusema hivyo.

"Na hao waliomo, mimi nilikuwa nawalaza njaa?"

Daktari akasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo Bi Mwiko alipovunjika moyo. Samaki waliokufa aliwalilia, lakini hili lilikuwa jambo jingine. Bweni zima lililala njaa chini ya mwiko wake, siku baada ya siku, naye yuko juu anatabasamu na ndoo. Alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka mezani mbali kidogo na samaki. Meneja akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetapika mwiba, "Mama mdogo, nenda nyumbani. Nitakuja kuongea na wewe." Mchuma janga hula na wa kwao, na Meneja alijua kabisa mwenye shamba atamuuliza ni nani aliyewaajiri shangazi, mama mdogo na ukoo mzima.

Aliyemzuia ni yule binti wa mabuti. Alisema samaki waliobaki wanaweza kupona, lakini kwanza wafunge kula, utumbo upumzike, kisha waanze na punje kidogo zilizochanganywa na unga wa bakteria wema, ili wale wenye bweni warudi. Na kila siku inabidi yeye daktari awaone wote, ajue nani anaogelea vizuri na nani anazubaa. Ametembea ukingoni asubuhi nzima, hakuona hata pezi. Wamejificha chini kwenye tope. Akamwomba Bi Mwiko apite tu pale kandoni. Bi Mwiko akapita, na bwawa zima likaja juu, wazima na wagonjwa, midomo wazi.

"Huyu mama nitamhitaji," Daktari akamwambia Meneja. "Nani mwingine atakayeniitia wagonjwa wangu?"

Basi akabakishwa mpaka matibabu yaishe, baada ya hapo itaonekana. Na ndiyo ilikuwa adhabu ambayo hata hakimu mkali asingeiwaza. Kazi yake ilikuwa kuwaita samaki waje kula, halafu asiwape kitu. Asubuhi alitembea ukingoni, wakaja, wakafungua midomo. Daktari akaandika yake akaondoka. Bi Mwiko akabaki ameipindua ndoo ameikalia, anawaomba radhi. Aliwaeleza mambo ya bweni. Aliwaambia si uchoyo, ni daktari. Kiranja alimtazama kwa jicho moja, kwa sababu ndivyo samaki anavyotazama, lakini yeye aliona ni dharau.

Siku moja alishindwa. Alikuja na kipande cha mkate ndani ya kitambaa kifuani, akafika ukingoni, akakitoa. Maji yakachafuka. Mlinzi, ambaye siku hizi alijipa cheo cha kulinda bwawa dhidi ya mlishaji wake, akakohoa kule kwenye kibanda. Bi Mwiko akautazama mkate, akawatazama wanafunzi. Akautia mdomoni mwake mwenyewe, wote, akautafuna amesimama mbele yao, machozi yanamtoka. Mlinzi alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu akila kwa uchungu namna ile.

Punje ziliporudi, zikiwa na ule unga, ilikuwa mtihani mwingine. Kopo lilikuwa dogo. Alilijaza, akalipangusa juu kwa kidole likawa sawa, na mkono wa kulia ukitaka kuongeza aliushika kwa wa kushoto. Samaki walikula wakamaliza, wakangoja, wakaona hakuna, wakaenda zao. Hilo nalo lilikuwa geni kwake. Hakujua kwamba mtu aliyelishwa kiasi anaondoka akiwa na nguvu za kwenda mahali.

Vifo vikakoma. Ule uzi mweupe ukapotea, magamba yakaanza kung'aa, na kiranja akarudia uonevu wake wa zamani, Bi Mwiko akamshangilia. Daktari aliporudi mara ya mwisho akamtoa samaki mmoja, akampasua juu ya meza ya bati, wote wakasogeza pua. Alinukia samaki. Utumbo ulikuwa mnene, wa rangi njema, na ini halikuteleza. Daktari akasema bweni limejaa. Meneja akatoka nje kumpigia simu mwenye shamba, akarudi akasema kazi ni ya mama mdogo, ila jiko la chai linahamishiwa ng'ambo ya uzio.

Mchana ule Bi Mwiko aliwapikia wali na maharage, huko ng'ambo ya uzio. Daktari alikula akaaga, Mlinzi alikula akarudi getini, wakabaki wawili kwenye benchi. Bi Mwiko akampakulia Meneja kama alivyompakulia siku zote, mlima. Meneja akauangalia, akamwomba apunguze nusu.

"Unaumwa?" Bi Mwiko akamuuliza.

Meneja akatoa mfukoni vidonge vya tumbo, akaviweka juu ya benchi katikati yao. Akasema tumbo linamuunguza tangu yuko shule ya msingi.

"Na mbona hukusema? Sahani ulikuwa unamaliza kila siku."

"Nilikuwa namaliza kwa sababu ulikuwa umekaa unaniangalia. Niliona nikibakisha utalia."

Bi Mwiko akachota wali wa ziada, akaurudisha kwenye sufuria kijiko kwa kijiko, na alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na mimi nilikuwa nakuongeza," akasema mwishowe, "kwa sababu niliogopa ukimaliza utaniuliza mama yako yuko wapi. Sikuwa na jibu, mwanangu. Nilikuwa na wali tu."

"Sikuuliza."

"Ungeulizaje? Mdomo ulikuwa umejaa."

Meneja akacheka, akacheka mpaka akapangusa macho, na Bi Mwiko naye akacheka kwa sababu kulikuwa na mambo mawili ya kufanya na hilo ndilo lilikuwa jepesi. Kisha Meneja akaisogeza sahani pembeni, nusu yake haijaguswa.

"Sasa haujajaa," akasema. "Mama alikuwaje?"

Bi Mwiko akafunika sufuria, akamgeukia, akaanza kumsimulia.